Banda la Ugenini Lina Mwenyeji Wake

Mfanyabiashara wa viungo aliyezoea maonyesho ya Sabasaba, Dar es Salaam, akipata nafasi ya kwenda Gulfood, Dubai, jambo la kwanza analofanya ni kufungasha banda lake. Anachukua mabango yaleyale, vikapu vilevile vya kupangia pilipili manga na mdalasini, pakiti za gramu 50 zenye bei ya shilingi, na vipeperushi vilivyotafsiriwa harakaharaka kwa Kiingereza. Anapanga vizuri, anasimama kutwa akitabasamu, kisha anarudi na rundo la kadi za biashara ambazo miezi mitatu baadaye hazijaleta oda hata moja. Watu wanamfariji kwamba soko la nje ni gumu. Mimi naamini tatizo lilianza kabla hajapanda ndege. Alipeleka banda lililojengwa kwa ajili ya wateja wa Barabara ya Kilwa, na hakuwa na mtu wa kule wa kumwambia wateja wa kule huuliza nini.

Pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, Sabasaba inakofanyika, familia inapita, inaonja, inanunua pakiti mbili na kuendelea na matembezi. Mauzo ya siku ndiyo kipimo. Gulfood, Anuga ya Köln na SIAL ya Paris ni maonyesho ya wenye biashara. Anayepita mbele yako si mlaji. Ni mnunuzi wa kiwanda cha kufungasha viungo, mwakilishi wa supamaketi, au dalali anayetafuta kontena moja la futi 20 kwa ajili ya mteja wake wa Iraki. Pakiti ya gramu 50 haimjibu chochote. Anataka kujua una tani ngapi, zitakuwa tayari mwezi gani, bei yako ni ipi FOB (mzigo ukiwa umeshapakiwa melini) Dar es Salaam au Mombasa, na cheti cha maabara kiko wapi. Ana dakika chache, na mabanda mengine maelfu yanamsubiri.

Nitashikilia mfano wa viungo, yaani karafuu ya Pemba na pilipili manga, iliki na mdalasini wa milima ya Muheza, kwa sababu ndani yake mambo yote yanaonekana wazi. Anayeuza kahawa, korosho, asali au vikapu ataona mwenyewe pa kubadilisha.

Mwenyeji atafutwe kwanza, banda lifuate. Wengi wanaugeuza utaratibu huu. Wanalipia nafasi, wanachapa mabango, kisha wiki mbili kabla ya safari wanaanza kuulizia kama kuna mtu wa kuwasaidia kule. Anayepatikana kwa haraka namna hiyo huwa ni mkalimani au kijana wa kugawa vipeperushi. Hao wana kazi yao, lakini mshirika ninayemzungumzia ni yule ambaye mfuko wake utanona bidhaa yako ikiuzika: mwagizaji mdogo ambaye tayari anauza vitu vinavyokaribiana na vyako, msambazaji wa maduka ya vyakula, wakala wa kamisheni, au mwenye ghala anayefungasha upya kwa jina lake. Mtu wa aina hii anahitaji kutafutwa miezi sita kabla ya maonyesho, na tisa ni bora zaidi.

Atapatikana wapi? Taasisi za kukuza biashara, TanTrade ya Tanzania na KEPROBA ya Kenya, hupeleka misafara kwenye maonyesho na zina orodha za watu. Balozi zetu zina maofisa wa biashara ambao wafanyabiashara wadogo wanawaogopa bila sababu. Uholanzi kuna CBI, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1971 kusaidia wauzaji wa nchi zinazoendelea kuingia Ulaya. Taarifa zake za masoko, viungo vikiwemo, zinasomwa bila malipo, na anayekwenda Ulaya bila kuzisoma anajinyima. Ujerumani kuna Import Promotion Desk inayofanya kazi ya jinsi hiyo. Lakini njia ninayoipenda kuliko zote ni kufungua orodha ya waonyeshaji wa mwaka uliopita kwenye tovuti ya maonyesho yenyewe na kutafuta nani anauza karafuu ya Madagaska, pilipili ya Vietnam au mdalasini wa Sri Lanka. Mtu huyo anaijua bidhaa na ana wateja wake, na kila mwagizaji makini hupenda kuwa na chimbuko la pili, mavuno ya upande mmoja yasije yakamwangusha.

Kwa sisi Waswahili, Ghuba ina mvuto wake wa pekee. Ukifika Muscat utakutana na familia zinazozungumza Kiswahili ndani ya nyumba zao, zenye makaburi ya wazee wao Unguja na Pemba, na utapokewa kama mtoto aliyerudi. Ndugu wa namna hii anaweza kuwa daraja ambalo mfanyabiashara wa Vietnam hatalipata kamwe. Hata hivyo muulize maswali yaleyale ambayo ungemuuliza mgeni kabisa. Ana leseni ya kuagiza chakula? Ana ghala? Mwaka jana aliwauzia akina nani? Undugu usipokuwa na majibu ya maswali hayo, mpe heshima yake, kunywa kahawa yake, na umtafute mshirika mwingine wa banda.

Dubai nayo inataka kueleweka vizuri. Ni mji wa kupokea mzigo na kuusukuma mbele. Kwenye biashara ya viungo ya Deira utawakuta wafanyabiashara wengi wenye asili ya Uhindi, na wa Gujarati na Kerala wana mizizi mirefu pale. Mmoja wao anaweza kukuandikia wewe kwa Kiingereza, akapatana na mteja wake kwa Kihindi, na karafuu yako ikaishia Basra. Kwa hiyo bango la Kiarabu peke yake halitoshi, na banda lisilo na neno la Kiarabu nalo linaonekana la mtu aliyepotea njia. Mwenyeji wa soko si lazima awe mzawa wa nchi ile. Ni yule anayejua mzigo unakwenda wapi baada ya kutoka mikononi mwako.

Kabla ya kumkabidhi mtu huyo banda lako, mpe kazi ndogo. Mtumie kifurushi chenye nusu kilo ya kila bidhaa, vyeti vya maabara, karatasi ya bei na mchoro wa banda unalofikiria. Mwombe awaonyeshe wateja wake wawili watatu na akurudishie maneno yao kama walivyoyasema, hasa yale mabaya. Akijibu kwamba ni nzuri sana na watu wataipenda, jua hajamwonyesha mtu. Akijibu kwamba mteja mmoja ameona makonyo yamezidi kwenye karafuu, na mwingine ameuliza pilipili yako ina gramu ngapi kwa lita, huyo ameingia kazini. Pilipili manga hununuliwa kwa kipimo hicho, 500 au 550 kwa lita, kwa sababu punje nyepesi ni punje tupu. Kama hujawahi kuipima, hiyo ni kazi ya wiki hii, kabla hujafikiria rangi ya bango.

Majibu hayo ya wateja ndiyo yachore banda. Chukua mdalasini. Ujerumani walaji na maduka wanaijua habari ya kumarini, kemikali ya asili iliyo nyingi kwenye mdalasini wa aina ya kasia na ndogo sana kwenye mdalasini halisi, ule wenye asili ya Sri Lanka. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kumarini kwenye vyakula vya kuoka vyenye mdalasini. Basi kama mdalasini wako ni ule halisi, pima kumarini yake kwenye maabara yenye ithibati, na banda lako la Köln liseme matokeo hayo kabla ya kusema jambo jingine. Kwa mnunuzi wa kiwanda cha biskuti za Krismasi hiyo ndiyo habari aliyoijia. Ukibeba bango hilohilo kwenda Dubai, wengi watalipita. Pale mwenyeji wako huenda akakwambia uanze na urefu wa vijiti, rangi na bei ya tani. Shamba ni moja na mti ni mmoja, ila sentensi ya mbele inabadilika kwa sababu anayeisoma amebadilika.

Ulaya kuna namba ambazo banda la viungo lazima lizijue kwa moyo. Kikomo cha sumukuvu kwenye pilipili manga, pilipili kali, tangawizi, manjano na kungumanga ni mikrogramu 5 kwa kilo kwa aflatoksini B1, na 10 kwa jumla ya aflatoksini zote. Kuua vijidudu kwa gesi ya ethilini oksaidi kumepigwa marufuku kwenye chakula, na mnunuzi atakuuliza unatumia njia gani. Kama ni mvuke, sema ni mvuke na ni wa kiwanda gani. Kama hufanyi chochote na unauza malighafi ili yeye mwenyewe asafishe, sema hivyo pia, maana wapo wanaopendelea hivyo. Kinachomfukuza ni kigugumizi. Na anayewaza kwenda Biofach, maonyesho ya mazao ya kilimo hai yanayofanyika Nuremberg, ajue kwamba bidhaa isiyo na cheti cha kilimo hai hairuhusiwi hata kuwekwa mezani.

Kwenye meza yenyewe, punguza. Ondoa vikapu vilivyojaa na utepe, weka sinia nyeupe zenye gramu 200 au 300 za kila daraja, chini ya mwanga mweupe, ili mnunuzi amimine kiganjani, asugue, anuse na arudishe. Pembeni ya kila sinia iwepo kadi moja: jina la bidhaa, daraja, unyevu, mwezi wa mavuno, tani zilizopo, ukubwa wa mfuko. Pakiti zako nzuri za rejareja ziweke mbili tatu nyuma, kwa ajili ya yule mmoja atakayeuliza kama unaweza kumfungashia. Mtu akiona pakiti mbele atadhani unauza pakiti, na mwenye kutafuta tani 14 atapita bila hata kukusalimu.

Maneno ya bango yaandikwe na mshirika wako. Usimpe sentensi zako azitafsiri. Mwambie unachotaka mteja akielewe, kisha mwache aandike kwa lugha yake, na mwombe aisome mbele ya watu wawili wa biashara kabla ya kuchapwa. Kwa Kiarabu kuna jambo linalosahaulika sana: macho yanaanzia kulia. Kitabu cha bidhaa kifungwe upande wa kulia, na picha zinazoonyesha safari ya karafuu kutoka mtini, kwenye jamvi, hadi mfukoni nazo zipangwe kuanzia kulia. Ukiziacha zilivyo, anayesoma Kiarabu ataanza na mfuko uliofungwa na kumalizia na karafuu mbichi mtini.

Namba pia zina lugha yake. Sisi tunaandika 1,500 tukimaanisha elfu moja na mia tano. Mjerumani alama hiyo kwake ni ya desimali, na elfu moja na mia tano huiandika 1.500. Kwenye karatasi ya bei andika 1500 bila alama yoyote. Taja sarafu kwa jina, taja bei ni ya tani au ya kilo, na mwezi uandike kwa herufi, maana 04/05 kwa mtu mmoja ni Mei na kwa mwingine ni Aprili. Bei yenyewe iwe na tarehe ya mwisho. Dola bila siku ya kuisha ni ahadi ambayo soko la karafuu litakufanya uijutie.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Wapo washirika wa Ulaya, watu wema kabisa, watakaokuomba uweke ukutani picha za watoto pekupeku na nyumba za udongo, kwa hoja kwamba wateja wataguswa. Kataa. Mnunuzi aliyeguswa na huruma atanunua mara moja, kidogo, na atakutazama kama mhitaji siku utakapotaka kupandisha bei. Weka picha ya mkulima anayechuma iliki kwa heshima yake, picha ya mama anayechambua karafuu kwa vidole vyenye ujuzi wa miaka, picha ya ghala safi na mizani. Hao ndio waliokutuma. Kumsikiliza mwenyeji kuhusu lugha, rangi na mpangilio ni busara, lakini picha ya watu wako uichague wewe, na bei uiseme wewe. Vitu hivi viwili sijaona sababu ya kumwachia mtu mwingine.

Upande wa ujenzi nitapita haraka. Usisafirishe banda. Kodi lile lililokwisha kujengwa na waandaaji, mara nyingi mita 3 kwa 3 lenye kuta, taa na kibao cha jina. Mabango chapisha kulekule kupitia mshirika, kwa vipimo vya milimita vilivyothibitishwa na waandaaji. Makuti, mikeka na vitambaa tunavyovipenda kupambia vinakutana na sheria za moto. Ujerumani wanadai daraja la B1, Ufaransa M1, na mkaguzi asipoona cheti atakuamuru uvishushe siku ya ufunguzi. Kanga na mikeka iliyowekewa dawa ya kuzuia moto na kupewa cheti inawezekana, ila iandaliwe mapema. Sanduku la mbao la kubebea mzigo lazima liwe na muhuri wa ISPM 15, maana yake mbao zimepashwa hadi kiini kikafika nyuzi joto 56 kwa dakika 30, au zimepigwa dawa inayokubalika. Bila muhuri huo mzigo unaweza kuzuiwa bandarini kwa sababu ya sanduku tu. Plagi zetu za pini tatu zinaingia Dubai bila shida, lakini Ujerumani haziingii, na Marekani hata umeme wenyewe ni volti 120. Birika lako litachukua muda mrefu kuchemka, kama litachemka.

Sampuli zina habari yao. Watu wanasikia kuna utaratibu wa kuingiza vitu vya maonyesho kwa muda bila ushuru, wanadhani unafunika kila kitu. Utaratibu huo ni wa vitu vitakavyorudi nyumbani, kama mashine au vinyago vya maonyesho. Kitakacholiwa, kitakachogawiwa au kitakachobaki kule kinaingia nchini moja kwa moja na kinafuata sheria za chakula za nchi ile. Dubai sampuli za chakula zinapitia Manispaa, na mwenye kuijua milango ya Manispaa ni wakala wa forodha wa kule. Hapa mshirika anakuwa mkombozi. Kama ni mwagizaji mwenye leseni, sampuli ziingie kwa jina lake wiki kadhaa kabla, zikae ghalani kwake, zije bandani siku ya kupanga. Wanaouza parachichi wanalijua hili vizuri kuliko sisi wa viungo, kwa kuwa tunda lililoiva siku mbili kabla ya Fruit Logistica ya Berlin ni hasara tupu. Mwenye mshirika mwenye chumba cha baridi Rotterdam huletewa matunda yaliyofikia kiwango, kutoka kwenye kontena lilelile ambalo mteja atanunua.

Halafu kuna visa. Maombi ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe chini ya siku 15 kabla yake. Omba mapema, na barua ya mwaliko ya waandaaji na ya mshirika ziwemo zote mbili. Hata ukifanya kila kitu sawa unaweza kunyimwa, na kila mwaka kuna mabanda ya Kiafrika yanayosimama matupu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo panga banda linaloweza kufunguliwa bila wewe. Mshirika awe na kopi za vyeti vyote, awe ameshapita bei na wewe mstari kwa mstari, ajue kiwango cha chini ambacho hawezi kukishuka bila kukupigia simu, na wewe uwe macho kwa saa za kule ukiwa na intaneti ya uhakika. Nauli inaweza kurudishwa, lakini nafasi ya maonyesho uliyolipia hairudi.

Mkiwa bandani, gawaneni kazi. Mwenyeji amsalimie mgeni, kwa sababu yeye anatambua haraka nani ni mnunuzi na nani anakusanya vipeperushi. Wewe zungumza bidhaa, shamba na tani. Bei itajwe na mmoja tu, na iwe mmepatana ni nani. Ujerumani wanunuzi wazito huja kwa miadi iliyowekwa wiki nyingi kabla, na nusu ya kazi ya mshirika ni kukujazia daftari hilo. Saa nne kamili ni saa nne kamili. Ghuba mazungumzo huanza kwa kujuliana hali na kikombe, na mtu anaweza kuondoka bila kutaja bei kisha akarudi kesho yake ameshaamua. Acha nafasi ya kuketi, hata kama ni viti vitatu. Kalenda nayo iulize kwa mwenyeji. Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki ya serikali ya shirikisho ya Falme za Kiarabu ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Ramadhani nayo husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Usipange ziara ya wateja baada ya maonyesho bila kutazama tarehe hizo mbili.

Wenye hamu ya China, hasa baada ya Tanzania kufungua mlango wa parachichi mwaka 2022, wanakwenda kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Uagizaji yanayofanyika Shanghai kila Novemba tangu 2018. Kule WhatsApp na Google hazifunguki kwenye simu ya mteja wako. Msimbo wa QR unaompeleka kwenye huduma hizo ni mlango uliofungwa. Mshirika akufungulie akaunti ya WeChat na aweke humo orodha ya bidhaa kwa Kichina. Na jambo zito zaidi ni kwamba China alama ya biashara ni ya aliyetangulia kuisajili. Sajili jina lako, la herufi zetu na la Kichina, kabla ya kulionyesha, na lisajiliwe kwa jina la kampuni yako, si la mshirika, hata kama anajitolea kulipia. Afrika Mashariki tulishaonja hatari hii hata Ulaya. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" liwe lake, na ikalazimu pingamizi litoke Kenya ndipo ombi likaachwa.

Hapo tunafika kwenye karatasi, ambayo watu huiona ni kutoaminiana. Kwangu mimi ni adabu ya biashara. Kabla ya maonyesho andikeni ukurasa mmoja au miwili: nani analipia nafasi, nani mabango, nani sampuli, kadi zote za wageni ni za pande zote mbili na kila jioni zinapigwa picha na kuingizwa kwenye orodha moja, kamisheni ni asilimia ngapi, ya mauzo yapi, kwa muda gani, eneo la mshirika ni nchi gani. Usitoe Ulaya nzima kwa mtu ambaye wateja wake wote wako Bavaria. Muda uwe mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. Elewa pia tofauti kati ya msambazaji anayenunua kwa fedha yake na wakala anayekutafutia wateja kwa kamisheni. Sheria za Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 1986, zinamlinda wakala, na ukivunja mkataba anaweza kudai fidia. Ujerumani fidia hiyo inaweza kufika wastani wa kamisheni ya mwaka mzima. Falme za Kiarabu zina sheria mpya ya uwakala ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi ya ile ya 1981. Hizi ni sababu za kumlipa mwanasheria wa kule kwa saa moja kabla ya kusaini. Sizitaji ili uogope kuwa na wakala.

Asubuhi baada ya maonyesho kufungwa, kabla ya ndege, keti na mshirika wako na kadi zote mezani. Zigawe palepale: wa kutumiwa sampuli wiki hii, wa kutumiwa bei, wa kukumbushwa msimu ujao. Andika mbele ya kila jina nani kati yenu atamwandikia na siku gani. Sampuli utakazotuma zitoke kwenye mfuko uleule uliotoa zile za mezani, wenye namba uliyoiandika, na nyumbani ubaki na kilo mbili zilizofungwa za namba hiyo. Mzigo ukifika na mteja akasema sicho alichoonja, utakuwa na cha kumwonyesha.

Waandaaji wengi huwapa walioshiriki nafasi ya kwanza ya kuchagua eneo la maonyesho yajayo, na tarehe ya kujibu mara nyingi hufika kabla kontena la kwanza halijaondoka bandarini. Ni vigumu kuamua kwa hesabu za mauzo wakati huo, kwa sababu mauzo hayapo bado. Muulize mshirika wako swali moja: mara ijayo utachangia kiasi gani cha nafasi hii? Akitaja kiasi, hata robo, lipia. Akianza kukusifia pilipili, ahirisha, na utumie mwaka huo kumtafuta mwingine.